Programu ya Biblia ya YouVersion kwa Mkristo Aliye Katika Dhiki

Watu wengi wanaoisifu programu ya Biblia ya YouVersion huisifu kwa mambo ambayo kila mtumiaji huyaona upesi: haitozwi malipo, haina matangazo ya biashara, na imekusanya Maandiko katika lugha zaidi ya elfu mbili. Sifa hizo ni za haki. Tathmini hii, hata hivyo, ninamwandikia Mkristo ambaye ugonjwa umeingia nyumbani kwake na hauonyeshi dalili ya kuondoka, au aliyefiwa, au aliyepoteza kazi huku bado kuna watu wanaomtegemea, na ambaye hufungua simu usiku wa manane akitafuta sababu ya kuendelea kuamini kwamba Mungu ni mwaminifu. Mtu huyo haulizi kama programu ina sura nzuri; anauliza kama itamsaidia kusimama. Jibu langu ni kwamba itamsaidia sana, ila sehemu zitakazomfaa zaidi si zile zinazotangulia mbele ya macho yake anapoifungua.

Programu hii ni kazi ya kanisa la Life.Church lililoko katika jimbo la Oklahoma, Marekani. Ilianza ikiwa tovuti mwaka 2007, na mwezi Julai 2008, duka la programu za simu la Apple lilipofunguliwa, ilikuwamo miongoni mwa programu za mwanzo kabisa. Huendeshwa kwa michango. Msomaji wa Kiswahili atakuta humo Union Version ambayo Biblia yake nzima ilichapishwa mwaka 1952, toleo lake lililorekebishwa, na Biblia Habari Njema, na anaweza kuulinganisha mstari mmoja katika tafsiri hizo bila kufunua vitabu vitatu. Maandishi ya tafsiri kadhaa yanaweza kupakuliwa yakasomwa pasipo intaneti, jambo ambalo mtu anayekesha wodini au aliyeishiwa na bando atalishukuru.

Ukiifungua, kitu cha kwanza kukupokea ni mstari wa siku. Huu ndio uso wa programu, na ndio unaosambazwa zaidi: mstari mmoja, mara nyingi umewekwa juu ya picha ya kupendeza, tayari kutumwa kwa rafiki. Siudharau hata kidogo. Moyo uliochoka hauna nguvu ya kusoma sura nzima, na mstari mmoja uliotumwa na ndugu asubuhi unaweza kuwa ndiyo sala pekee ambayo mtu ameweza kuiomba siku hiyo. Mwaka 2020, dunia ilipokuwa katika janga la korona, mstari uliotafutwa na kuwekewa alama kuliko mingine yote katika programu hii ulikuwa Isaya 41:10: "usiogope, kwa maana mimi ni pamoja nawe, usifadhaike, kwa maana mimi ni Mungu wako." Mwaka 2024 nafasi hiyo ilishikwa na Wafilipi 4:6: "Msijisumbue kwa neno lo lote, bali katika kila neno kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru, haja zenu na zijulikane na Mungu." Mamilioni ya watu wasiojuana, kila mmoja akiwa na mzigo wake, walikwenda kunywa katika visima hivyohivyo viwili. Hilo peke yake linanifundisha kitu kuhusu hali ya watu na kuhusu Neno la Mungu.

Lakini itazame mistari hiyo pale ilipozaliwa. Sura ya 41 ya Isaya imo katika sehemu ya kitabu inayowafariji watu wa Mungu kuhusu uhamisho wa Babeli, yaani watu ambao mji wao umebomolewa na wana kila sababu ya kudhani kwamba agano limevunjika. Barua kwa Wafilipi iliandikwa na Paulo akiwa katika vifungo, naye anavitaja mwenyewe katika sura ya kwanza, tena bila kujua kama mwisho wake utakuwa uzima au mauti. Mstari wa tatu unaopendwa sana na watu wenye dhiki, Yeremia 29:11, unasema: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Huo nao ni sehemu ya barua iliyopelekwa kwa mateka Babeli, na mstari unaoutangulia unawaambia waziwazi kwamba miaka sabini itapita kwanza. Wengi waliosikia barua hiyo ikisomwa walikuwa watakufa katika nchi ya ugeni. Ahadi ilikuwa ya kweli, na wao walizikwa kabla haijatimia.

Hapa ndipo ninapoona udhaifu mkubwa wa mstari wa siku, katika programu hii na katika nyingine zote zinazofuata mtindo huo. Mstari ukikatwa kutoka kwa mateka na wafungwa ambao ulisemwa kwao, unabaki kuwa faraja ya upesi, na faraja ya upesi haistahimili mwezi wa sita wa matibabu. Mkristo anayepewa Yeremia 29:11 bila miaka sabini atafikiri kwamba Mungu amechelewa, au kwamba imani yake mwenyewe ina kasoro, kwa sababu wiki ya pili imeisha na hali haijabadilika. Akipewa mstari huo pamoja na miaka yake sabini, atajua kwamba Mungu aliyeahidi amani aliwaambia watu wake wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuzaa palepale walipokuwa wakiumia, na kwamba uaminifu wake haukupimwa kwa kasi ya ukombozi. Dawa ya udhaifu huu imo ndani ya programu yenyewe: ukigusa mstari wa siku unaweza kuifungua sura nzima. Ninamsihi kila mtu aliye katika shida afanye hivyo kila mara, hata kama ataishia kusoma mistari mitano tu juu na mitano chini.

Mfano ulio bora kuliko yote ni Maombolezo 3:22-23: "Ni huruma za BWANA kwamba hatuangamii, kwa kuwa rehema zake hazikomi. Ni mpya kila siku asubuhi. Uaminifu wako ni mkuu." Sijui maneno mengine katika Biblia yanayokiri uaminifu wa Mungu kwa uzito kama huu, na yanastahili kila picha ya mapambazuko iliyowekwa nyuma yake. Ila kitabu chenyewe ni kilio juu ya Yerusalemu uliochomwa na Wababeli katika karne ya 6 kabla ya Kristo. Sura hiyo ya tatu inaanza hivi: "Mimi ni mtu aliyeona mateso kwa fimbo ya ghadhabu yake." Kwa mistari kama ishirini mwombolezaji anaeleza jinsi alivyotiwa gizani, alivyozungushiwa ukuta, alivyofungiwa njia na sala yake ikazuiwa. Sura nne za kwanza zimepangwa kwa kufuata herufi 22 za Kiebrania, na ya tatu ina mistari 66, mitatu kwa kila herufi, kana kwamba huzuni yote ilipaswa kusemwa kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho bila kurukwa hata moja. Ungamo la uaminifu limewekwa katikati ya mpangilio huo. Baada yake kilio kinarudi, na kitabu kinafungwa kwa hofu ya kukataliwa, pasipo jibu. Anayeisoma sura nzima anagundua kwamba mtu anaweza kusema "uaminifu wako ni mkuu" na machozi yasiwe yamekauka, na kwamba Roho wa Mungu aliona vema maneno hayo mawili yakae katika ukurasa mmoja.

Kwa sababu hiyo, kifaa ninachokithamini kuliko vyote katika programu hii ni sehemu ya kutafuta, ambayo watumiaji wengi huipita. Chagua Union Version, andika maneno "hata lini", kisha usome yanayoletwa. Zaburi ya 6 itakuja: "Na Wewe, BWANA, hata lini?" Zaburi ya 13 itakuja ikiuliza swali hilo mara nne katika mistari miwili ya kwanza. Zitakuja Zaburi za 79, 89, 90 na 94. Habakuki atakuja: "Ee BWANA, nilie hata lini, wewe usitake kusikia?" Na mwisho, katika Ufunuo 6:10, utawakuta waliouawa kwa ajili ya Neno la Mungu wakiuliza vilevile wakiwa chini ya madhabahu mbinguni. Kwa mtu aliyekuwa akidhani kwamba swali lake ni dhambi, orodha hiyo fupi inaweza kumfaa kuliko mahubiri mengi. Anaona kwamba manabii na wafia dini wameuliza kabla yake, kwamba maneno yao yamehifadhiwa kuwa Maandiko Matakatifu, na kwamba kumwuliza Mungu "hata lini" ni tendo la mtu ambaye bado anamtarajia ajibu. Zaburi ya 13 yenyewe haifichi mahali inapoelekea: "Nami nimeitumainia fadhili zako." Zaburi ya 88 haifiki huko, inaishia gizani, na pengine ipo kwa ajili ya usiku ambao hata hiyo ya 13 inaonekana kuwa na haraka mno.

Nikija kwenye sauti, nizungumze kwa uzoefu. Katika kipindi kirefu cha kuuguza mgonjwa nyumbani nilitambua kwamba uchovu huondoa uwezo wa kusoma kabla haujaondoa uwezo wa kusikia. Macho hupita juu ya maneno na akili haishiki kitu, lakini sauti inayosoma polepole hufika. Programu inaruhusu kusikiliza sura moja hadi nyingine na kubadilisha kasi ya usomaji, na kwa mgonjwa asiyeweza kushika kitabu au mzee ambaye macho yamefifia, hiki ndicho kifaa cha kwanza cha kumwonyesha. Zaburi zinasikika vizuri sana, kwa kuwa ziliwekwa kinywani mwa watu kabla ya kuwekwa mikononi mwao. Kitabu cha Ayubu nacho hubadilika kikisikilizwa: sura 42, na sehemu kubwa ni maneno ya mtu anayelalamika pamoja na rafiki zake wanaomsahihisha, hadi msikilizaji anachoka nao kama Ayubu alivyochoka, na anapofika sura ya mwisho akasikia Mungu akiwaambia rafiki hao kwamba hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena mtumishi wake Ayubu, anaelewa jambo ambalo mistari iliyochaguliwa isingeweza kumweleza. Angalizo moja ni la lazima: si kila tafsiri ina sauti, nyingine zimesomwa Agano Jipya peke yake, na kwa kawaida usikilizaji huhitaji intaneti. Tafuta alama ya spika kabla ya kumwahidi mgonjwa.

Mipango ya kusoma ndiyo sehemu yenye tofauti kubwa ya ubora. Ipo mingi mno, juu ya huzuni, wasiwasi, msiba, ndoa iliyovunjika na ugonjwa, na imeandikwa na watu na huduma mbalimbali, kwa hiyo haiwezekani kuisifu wala kuilaumu yote kwa pamoja. Mingine imeandikwa na watu walioteseka, na inaonekana, kwa sababu hawana haraka ya kumaliza kilio cha msomaji. Mingine inamchukua mtu kutoka maumivu hadi ushindi kwa siku tano au saba. Binafsi hupima mpango wa aina hii kwa namna unavyoitumia sura ya 11 ya Waebrania. Sura hiyo inataja waliofunga vinywa vya simba na walioepuka makali ya upanga, kisha, bila hata kuanza aya mpya katika mawazo ya mwandishi, inawataja wengine waliopigwa, waliofungwa, waliokatwa kwa misumeno, waliozunguka wakiwa wamevaa ngozi za kondoo na mbuzi; na inasema kwamba wote walishuhudiwa kwa sababu ya imani yao. Mpango unaonukuu kundi la kwanza na kulinyamazia la pili unamfundisha mtu anayeumia kwamba Mungu ni mwaminifu kwa wale tu wanaopona. Hilo si fundisho la kitabu hicho, wala si faraja kwa familia inayotoka makaburini. Paulo aliomba mara tatu mwiba, yaani taabu iliyomsumbua mwilini, uondolewe, na alichopewa ni neno: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Mpango unaoweza kulibeba jibu hilo bila kulifanyia marekebisho ni mpango wa kuaminiwa.

Programu pia huhesabu mfululizo wa siku ambazo mtu ameifungua, na hutuma arifa za kumkumbusha. Kwa kijana anayejenga tabia ya kusoma, jambo hili lina faida. Kwa aliyefiwa naliona kuwa mzigo usio wa lazima, na ninashauri arifa hizo zizimwe katika mipangilio hadi nguvu zirudi. Tumaini la Mkristo halisimami juu ya idadi ya siku ambazo yeye hakukosa, linasimama juu ya yule ambaye Timotheo aliandikiwa habari zake: "Kama sisi hatuamini, yeye hudumu wa kuaminiwa, kwa maana hawezi kujikana mwenyewe."

Kuweka rangi na kuandika maelezo ni sehemu ndogo ambazo thamani yake huonekana baada ya muda mrefu. Mtu akiuwekea rangi mstari alioushikilia wakati wa upasuaji, au akaandika chini yake haja aliyoiomba pamoja na tarehe, anajiwekea ushahidi. Samweli alisimamisha jiwe kati ya Mispa na Sheni akaliita Eben-ezeri, akisema, "Hata sasa BWANA ametusaidia." Neno "hata sasa" halidai kwamba mambo yote yamekwisha; linashuhudia njia iliyokwisha kupitwa. Kumbukumbu ya mwanadamu ni dhaifu sana wakati wa maumivu, nayo husahau kwanza misaada iliyopita, kwa hiyo kuwa na mahali pa kurudi na kusoma kwa maandishi yako mwenyewe kwamba kulikuwa na usiku mwingine mgumu, na kwamba ulipita, ni msaada wa kweli. Maelezo haya yanahitaji akaunti, na yana mipangilio ya nani anaweza kuyaona. Hakikisha umechagua faragha kabla ya kuandika mambo ya ndani ya nyumba.

Ipo vilevile sehemu ya maombi, ambapo mtu huandika haja yake na kuwashirikisha rafiki waliomo katika programu, nao huweza kuonyesha kwamba wameomba. Inafaa kwa ndugu walio mbali. Haiwezi kuchukua nafasi ya agizo la Yakobo 5:14, kwamba aliye mgonjwa awaite wazee wa kanisa wakamwombee, kwa sababu agizo hilo linadai mikono na mafuta na watu waliofika mlangoni. Rafiki za Ayubu, kabla hawajaanza kukosea, walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kunena neno, na hilo lilikuwa tendo lao jema kuliko yote. Kazi ya kukaa chini na mtu ni yetu sisi, na kanisa linalomtumia mshiriki wake mistari kila asubuhi bila kumtembelea limeitumia programu nzuri kwa namna mbaya.

Kwa jumla ya matumizi yake naipa alama nne katika tano, na ile moja iliyopungua ni kwa ajili ya jinsi muundo wake unavyoutanguliza mstari mmoja na kuiacha sura nyuma. Kwa anayeianza leo akiwa katika dhiki, ningependekeza apakue Union Version au Habari Njema isomeke bila intaneti, azime arifa za mfululizo wa siku, kisha aanze na Zaburi ya 13, aende Maombolezo sura ya 3 kuanzia mstari wa kwanza, na Habakuki yote, ambayo ni sura tatu tu na inaishia kwa mtu asiye na tini, zabibu, zeituni, wala kundi zizini, akisema, "walakini nitamfurahia BWANA." Baada ya hapo asome Warumi 8 kutoka mwanzo hadi mwisho, ili mstari wa 28, unaosema kwamba katika mambo yote Mungu huwapatia mema wale wampendao, aukute mahali pake, baada ya kuugua kwa viumbe vyote na kuugua kwa Roho mwenyewe, na kabla ya orodha ya Paulo ya mambo ambayo hayawezi kututenga na upendo wa Mungu. Kama mtu huyo amechoka kusoma, wewe unayemuuguza mfungulie sauti, na usiifunge Zaburi ya 88 kwa sababu tu inakuhuzunisha wewe.